Kugawanyika au Kugawanywa? Kalasinga, Reli na Mpaka wa Busia

Utangulizi

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya tafsiri ya ushairi, huwapa wanafunzi wetu zoezi dogo. Tunaandika ubaoni anwani ya shairi la Jagjit Singh, mshairi wa Uganda mwenye asili ya Kipunjabi, lililomo katika mkusanyo wa Poems from East Africa uliohaririwa na David Cook na David Rubadiri mwaka 1971. Anwani yenyewe ni "Portrait of an Asian as an East African". Hatuwaombi walitafsiri shairi zima. Tunawaomba watafsiri anwani tu.

Dakika tano hazipiti kabla ya mabishano kuanza. Mmoja anasema, "Picha ya Mhindi." Mwingine anamkatiza: "Mhindi ni mtu wa India, huyu ni wa Uganda." Wa tatu anapendekeza "Mwasia", naye anaulizwa kama Mchina si Mwasia pia. Hatimaye hutokea wa kusema, "Mwalimu, si jina lake ni Singh? Tuandike Kalasinga, tumalize." Darasa zima linacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Neno "Kalasinga" limo katika Kiswahili chetu kwa muda mrefu, na kila mmoja analielewa. Kwa nini basi tukilisikia mahali pa heshima, kama katika anwani ya shairi, tunacheka? Kwa maoni yetu, tatizo haliko katika neno lenyewe. Liko katika historia ambayo hatujaifundisha pamoja na neno hilo, na katika vitenzi tunavyovitumia tunapoieleza historia hiyo. Tutaitazama hoja hii kupitia sehemu moja, yaani mpaka wa Kenya na Uganda kati ya Busia na Tororo.

Jina lisilo na nchi

Tuanze na majina. Kabla ya mwaka 1947, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliwaita watu wote waliotoka Bara Hindi kwa jina moja la Kiingereza lenye maana ya "Wahindi". Mwaka huo India iligawanywa ikawa nchi mbili, India na Pakistan. Jina la zamani halikuwatosha tena watu ambao makwao sasa kulikuwa Pakistan. Ndipo neno la Kiingereza lenye maana ya "Waasia" likashika nafasi yake katika lugha ya serikali na magazeti. Kwa hiyo neno "Asian" katika anwani ya Jagjit Singh ni alama ya mpaka uliochorwa mbali sana na Uganda.

Kiswahili hakikufuata mkondo huo. "Mhindi" aliendelea kuwa Mhindi, awe wa Gujarat au wa Lahore. Zaidi ya hayo, Kiswahili kilikuwa na majina yake ya ndani: Banyani, Goa, Bohora, Baluchi, na Kalasinga, au Singasinga kama wasemavyo wengine. Inasimuliwa sana kuwa "Kalasinga" linatokana na jina la Kala Singh, mfanyabiashara aliyejulikana Kenya katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, ambaye jina lake liligeuka kuwa la jamii nzima. Wao wenyewe hujiita Sikh, neno ambalo asili yake ni "mwanafunzi", maana ni wanafunzi wa Guru Nanak na magwiji wa imani waliomfuata.

Jambo la kuzingatia ni kwamba "Kalasinga" ni jina lisilotaja nchi. Halisemi India wala Pakistan, Kenya wala Uganda. Linamtambulisha mtu kwa kilemba, kwa imani, na mara nyingi kwa ufundi wake. Kwa upande mmoja hii ni sifa, kwa sababu mipaka ilipobadilika jina halikubadilika. Kwa upande mwingine ni kasoro, kwa sababu jina lisilotaja nchi humfanya mwenye jina aonekane kama mtu asiye na kwao popote. Hapo ndipo kicheko kinapopata njia.

Reli ya Uganda iliyoishia Kenya

Makalasinga walifikaje karibu na Busia na Tororo? Jibu fupi ni jeshi na reli. Wanajeshi wa Kisikh walikuwa chini ya maofisa wa Kiingereza Uganda katika miaka ya 1890, na walitumika kupambana na askari wa Kisudani walioasi huko Busoga mwaka 1897. Reli ya Uganda nayo ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 walifariki. Kama 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha, na wengine wengi wakaja baadaye kwa hiari yao. Miongoni mwa Masikh wa Afrika Mashariki, kundi la Ramgarhia, yaani watu wa nasaba za maseremala, wahunzi na waashi, lilikuwa kubwa kuliko mengine.

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Kwa wakati ule palikuwa ndani ya Uganda, katika Mkoa wake wa Mashariki. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, Uingereza iliutoa mkoa huo mzima kutoka Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hivyo Reli ya Uganda, iliyogharimu maisha ya watu wote hao, ikajikuta haina hata kituo kimoja ndani ya Uganda. Ilibidi wangoje miaka mingi hadi njia mpya ipite Eldoret, Malaba na Tororo na kufika Kampala mwaka 1931.

Tunasisitiza tukio hili la 1902 kwa sababu ya kosa linalojirudia katika insha za wanafunzi, na pengine katika maandalio yetu ya masomo. Tumezoea kusema kuwa mipaka yetu yote ilichorwa Berlin mwaka 1884 na 1885. Mpaka wa Busia haukuchorwa Berlin. Haukutokana na ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani. Ulitokana na Mwingereza mmoja kuhamisha ardhi kutoka mfuko wake wa kushoto kwenda mfuko wake wa kulia, ili reli na nchi iliyopitiwa nayo viwe chini ya utawala mmoja. Wasamia na Iteso walilala wakiwa watu wa Uganda, wakaamka nusu yao wakiwa upande wa pili.

Kwa fundi wa reli, mpaka huo haukuwa na uzito kwa miaka mingi. Mwajiri alikuwa mmoja. Kuanzia 1948 shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Fundi aliweza kuhamishwa Nairobi, Tororo au Jinja kama mwalimu anavyohamishwa shule. Mtoto wake mmoja angezaliwa Kisumu na mwingine Tororo, wala hakuna aliyeona jambo la ajabu. Uzito wa mpaka ulikuja na uhuru, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, pale kila mtu alipotakiwa kuchagua cheti. Ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kuwa na pasi tatu za kuchagua: ya Kenya, ya Uganda au ya Uingereza. Mwaka 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia wenye pasi zake waliokuwa Afrika Mashariki wasiingie kwa uhuru.

Wakati huohuo nyuma yao kulikuwa kumefungwa. Mwezi Agosti 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili kwa mstari uliochorwa na mwanasheria Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kufika India kabla ya kazi hiyo na alipewa wiki kama tano tu. Mstari ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Lahore ikawa Pakistan. Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, ikawa Pakistan. Masikh karibu wote waliokuwa upande huo walihama au waliuawa.

Mfano unaojulikana ni wa Makhan Singh, mwanzilishi mashuhuri wa vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, akaletwa Kenya mwaka 1927. Miaka ya vita alikuwa India, akiwekwa kizuizini. Alirudi Kenya mwezi uleule wa Agosti 1947, na kijiji alichozaliwa kikabaki ndani ya Pakistan. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumfukuza Kenya arudi kwao, swali la "kwao ni wapi" halikuwa tena na jibu rahisi. Mwaka 1950 alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani huko Kaloleni, Nairobi, na akafungiwa kizuizini hadi 1961. Mtu huyu aliitwa Kalasinga na wafanyakazi waliomfuata. Hatudhani kuna aliyecheka.

Tororo, tarehe 4 Agosti 1972

Tunafika sasa Tororo penyewe. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwahutubia wanajeshi katika kambi ya Tororo. Hapo ndipo alipotangaza kuwa Waasia wataondoka Uganda. Walipewa siku 90. Mwanzoni amri iliwalenga wenye pasi za Uingereza, kisha ikapanuliwa na kubanwa mara kadhaa kiasi kwamba hata raia halali wa Uganda walinyang'anywa uraia kwa visa vya makaratasi. Kambi ile iko kilomita chache tu kutoka mpaka wa Kenya.

Mtu angefikiri kuwa Kalasinga wa Tororo angevuka Malaba akaenda kwa nduguye Kisumu au Eldoret. Lakini Kenya ilitangaza kuwa haitawapokea. Waliruhusiwa kupita tu. Wengine walipakiwa katika treni kutoka Kampala hadi Mombasa ili wapande meli za kwenda India. Fikiria, msomaji, treni hiyo ikipita Tororo na Malaba juu ya reli ambayo mababu wa abiria hao walikuwa miongoni mwa walioijenga na kuihudumia. Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko. Mtafiti Parminder Bhachu alipoandika kitabu chake juu ya Masikh wa Afrika Mashariki walioko Uingereza, kilichotoka mwaka 1985, alikipa jina la Twice Migrants, yaani waliohama mara mbili. Kwa wale wa mpaka wetu tungeongeza: waliogawanywa mara mbili.

Kuna kejeli nyingine inayotuhusu sisi watu wa lugha. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya kufukuzwa kwao, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Lugha ilipandishwa cheo huku kundi la watu waliokuwa wakiitumia kila siku, dukani na gereji, likiwa limeshaondolewa. Kiswahili cha Uganda kikabaki machoni pa wengi kuwa lugha ya askari. Walimu wenzetu wa Uganda wanaendelea kulibeba jeraha hilo hadi leo.

Vitenzi vinavyoficha

Sasa tuje kwenye uhakiki wetu hasa. Katika kusahihisha insha tumegundua kuwa wanafunzi, na sisi wenyewe tukiwa hatujiangalii, huandika sentensi za aina hii:

"India iligawanyika mwaka 1947."
"Mpaka ulipita katikati ya Busia."
"Wahindi waliondoka Uganda mwaka 1972."

Sentensi zote tatu ni sahihi kisarufi. Lakini tuzitazame kauli zake. "Iligawanyika" iko katika kauli ya kutendeka. Kauli hiyo hutumika kwa kitu kilichofikia hali fulani bila kumtaja mtenda: kikombe kimevunjika, nguo imepasuka, chungwa limegawanyika. Inafaa kwa ajali au kwa jambo la maumbile. Radcliffe na kalamu yake hawana nafasi katika sentensi hiyo. Tukitumia kauli ya kutendwa, "iligawanywa", nafasi ya mtenda inafunguka mara moja, na mwanafunzi hujiuliza: na nani? Vivyo hivyo "mpaka ulipita" huufanya mpaka uwe kama mto. Na "waliondoka" humfanya aliyefukuzwa aonekane kama msafiri aliyefunga mizigo kwa hiari yake.

Hata nomino ina lake la kusema. Tunasema "mgawanyo wa Afrika" kama tunavyosema mgawanyo wa mali. Kitenzi "kugawa" katika maisha yetu ni cha watu wenye haki na kitu: mzee hugawa urithi, mama hugawa chakula. Waliokaa na kukata Punjab au Mkoa wa Mashariki wa Uganda hawakuwa wakigawa urithi wao. Labda "kupasua" au "kukata vipande" kungekuwa karibu zaidi na ukweli. Hatusemi tulifute neno lililozoeleka. Tunasema tulifundishe pamoja na swali lake.

Linganisheni na neno lingine lililozaliwa papo hapo mpakani. "Bodaboda" linatokana na neno la Kiingereza la mpaka, nalo linahusishwa na waendesha baiskeli wa Busia waliowavusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Kila mwanafunzi wetu anaijua hadithi hiyo na huisimulia kwa fahari. Ni neno la watu waliougeuza mpaka ukawa riziki. "Kalasinga" nalo ni neno la kazi na safari, lakini hakuna anayelisimulia. Lugha moja, mpaka mmoja, maneno mawili: moja lina hadithi, lingine lina kicheko.

Pingamizi

Tunajua watakaotupinga, na pingamizi lao ni zito. Watasema: Iteso na Wasamia ni wengi zaidi, ndio waliokatwa ardhi na ukoo, kwa nini tuwalilie Makalasinga? Watasema pia kuwa Mhindi katika ngazi ya kikoloni alikuwa juu ya Mwafrika, kwa mshahara, kwa shule na kwa mtaa wa kuishi, na kwamba askari wa Kisikh alikuja na bunduki ya Mwingereza mkononi.

Yote hayo ni kweli, na hatutaki mwalimu yeyote ayafiche. Kalasinga wa kwanza alikuwa chombo cha ukoloni uliomgawa baadaye. Lakini hilo ni sababu ya kuifundisha habari yake, si ya kuiacha. Aidha, tusitazame zamani tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa uraia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika jedwali. Tarehe hiyo ni ya kikoloni: ndiyo siku ambayo jimbo la Rudolf, upande wa Ziwa Turkana, lilihamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya. Iteso wamo katika orodha. Wasamia wamo. Jamii za asili ya Bara Hindi hazimo, hata kama babu wa mtu alikuwa amefika kabla ya 1926. Upande wa pili wa mpaka, Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017. Familia moja yenye matawi Kisumu na Tororo inaweza basi kuwa "kabila" upande mmoja na isiwemo katika orodha upande mwingine. Huo ni mgawanyo unaoendelea, na umetengenezwa na serikali zetu wenyewe.

Ni kweli pia kuwa milango imefunguliwa. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na Novemba 2019 India na Pakistan zilifungua njia ya Kartarpur ili mahujaji wa Kisikh wafike alikofia Guru Nanak. Tunaifurahia milango hiyo. Hata hivyo mlango ni ushahidi kuwa ukuta upo.

Hitimisho

Turudi kwenye anwani ya Jagjit Singh. Baada ya mabishano yote, tunawaonyesha wanafunzi sehemu ya pili ya anwani, ambayo kwa kawaida huwa wameipita haraka. Mshairi hakuandika Mganda wala Mkenya. Aliandika mtu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1971, mwaka mmoja kabla ya hotuba ya Tororo, alichagua jina linalovuka Busia na Malaba bila kuonyesha pasi. Ni jina kubwa kuliko nchi zilizompa na kumnyima makaratasi.

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, somo la kauli za vitenzi lifundishwe kwa mifano ya historia pia, si ya vikombe na nguo tu, ili mwanafunzi aone kuwa kuchagua kati ya "-ika" na "-wa" ni kuchagua kama mtenda atajwe au afichwe. Pili, majina ya jamii kama Kalasinga, Banyani na Goa yafundishwe pamoja na asili yake, na mwanafunzi aelezwe wenyewe hujiitaje. Tatu, mwanafunzi anayetoka Busia, Malaba au Tororo ahimizwe kuwahoji wazee wa kwao juu ya maduka, gereji na stesheni za zamani, kwa Kiswahili, kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa.

Kuhusu tafsiri ya anwani, sisi tumeishia na "Picha ya Mhindi Mwana wa Afrika Mashariki". Hatujaridhika nayo. "Mhindi" bado linamrudisha kwenye nchi ambayo huenda hata kijiji cha babu yake hakimo tena, na "Kalasinga" tumeliogopa kwa sababu ya kicheko. Msomaji mwenye tafsiri bora na atuletee, tuijadili katika toleo lijalo.